Mtoto asiyelia na mtoto asiye na ugeni: mwongozo kamili wa matatizo ya mafungamano kwa watoto wadogo

Alipofika kwetu alikuwa na miaka mitatu kasoro miezi miwili, na kila aliyemwona alimsifia. "Mtoto gani huyu, hasumbui hata kidogo!" jirani yetu alisema. Kweli hakusumbua. Siku ya nne alianguka kwenye ngazi ya uani, goti likachubuka, damu ikachuruzika mpaka kwenye kandambili. Nilitoka jikoni mbio na unga mikononi. Hakulia. Hakunitazama hata mimi. Alijiokota, akaenda kukaa nyuma ya pipa la maji, akachota mchanga akajimwagia kwenye kidonda, kisha akarudi kuchezea kifuniko chake cha chupa. Nilipomnyanyua alikakamaa kama gogo, uso kaugeuzia ukutani.

Yalinichukua miezi kujua kwamba ule utulivu tuliokuwa tukiusifia ndio uliotakiwa kutushtua. Namwandikia mama mdogo aliyeachiwa mtoto wa marehemu dada yake, bibi anayelea mjukuu aliyepitia nyumba tatu, mlezi wa kambo, na matrona wa kituo cha watoto. Mimi si daktari. Nimelea, nimeuliza wanaojua, na nimekosea sana katikati.

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta

Kichanga hubebwa na yeyote akatulia. Kuanzia miezi sita hadi tisa hivi, anaanza kujua watu. Akichukuliwa na mgeni analia, akirudishwa kwa mama ananyamaza. Akishajua kutambaa anakwenda kidogo, anageuka kuhakikisha mtu wake bado yupo, kisha anaendelea na safari yake ya kwenda kuvuta kitambaa cha meza. Uzi huo kati ya mtoto na mtu wake ndio ninaouita mafungamano.

Mmoja wa watu wa mwanzo kuuchunguza kwa makini aliuchunguza hapa jirani. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda mwaka 1954 na 1955, akitembelea vijiji vya Buganda karibu na Kampala, akikaa na akina mama nyumbani mwao na kuwatazama watoto 28 wa familia 26. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona jambo ambalo sisi tuliokuzwa na mabibi na mashangazi hatuhitaji kuambiwa: mtoto anaweza kufungamana na watu kadhaa. Mikono mingi haimdhuru, mradi iwe ile ile kila siku.

Hatari ni mikono isiyokaa, au isiyokuja kabisa. Mtoto aliyefungiwa ndani peke yake kutwa, aliyehamishwa nyumba hadi nyumba kabla hajajua jina lake, au aliyekulia kwenye kituo ambako mlezi mmoja ana watoto kumi na tano na zamu yake inaisha saa kumi na mbili. Analia, haji mtu. Analia tena, anakuja mwingine asiyemjua. Baada ya muda anaacha kulia. Nani ataendelea kubisha hodi kwenye nyumba isiyofunguliwa?

Wataalamu wanatambua matatizo mawili. Mwongozo wa matabibu wa afya ya akili wa Marekani uliyatenganisha rasmi mwaka 2013, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 nayo inayahesabu mbalimbali.

La kwanza ni la mtoto anayejifunga. Akiumia, akiogopa au akiugua, hamwendei mtu mzima kutafuta faraja, na akipewa hashughuliki nayo. Hacheki sana. Anaweza kukasirika, kuhuzunika au kuingiwa na hofu ghafla wakati hakuna aliyemgusa.

La pili ni la mtoto anayejiachia. Huyu anamkimbilia yeyote. Fundi bomba kaingia, kapandwa mapajani. Mgeni kaaga, mtoto kashamshika mkono waende wote, na hageuki nyuma kukuangalia. Watu husema "mchangamfu huyu, hana ugeni." Uchangamfu wa kawaida una breki: mtoto humwangalia mtu wake kwanza, hujificha nyuma ya kanga, ndipo hujitokeza. Huyu hana breki hiyo.

Hatua ya pili: usimbandike jina haraka

Matatizo haya ni nadra. Hata kati ya watoto waliolelewa vituoni, wengi hawayapati. Mtoto aliyefiwa na mama miezi miwili iliyopita na sasa amenyamaza yuko kwenye msiba, anaomboleza kama wewe. Mtoto mwenye aibu ni mwenye aibu tu. Na anayekulilia ukitoka, akakukasirikia ukirudi, huyo mafungamano anayo, tena ya kutosha.

Kwa mtoto ambaye ukuaji wake haujafika miezi tisa, hakuna mtaalamu atakayetamka jina hili, maana uzi wenyewe ndio kwanza unasokotwa. Dalili nazo zinatakiwa ziwe zimeonekana kabla ya miaka mitano. Kijana wa miaka kumi aliyeanza ukorofi mwaka jana ana jambo jingine.

Kuna vitu viwili vitatu vinavyofanana na hili, na ni lazima viangaliwe kwanza. Masikio: mtoto asiyesikia haitiki, na sisi tunasema hajali. Utapiamlo na upungufu wa damu: mtoto mwenye njaa ya muda mrefu hana nguvu ya kucheka. Halafu usonji, ambao ndio unaochanganya wengi. Mtoto mwenye usonji mara nyingi ana michezo au miondoko ya kurudiarudia, anapenda jambo moja kupita kiasi, na mawasiliano yake yana tofauti tangu mwanzo hata kama amelelewa kwa mapenzi tele. Tena wengi wao wamefungamana vizuri na mama zao, ila wanaonyesha kwa namna yao. Anayejifunga kwa sababu ya malezi yaliyokatika huanza kubadilika akipata mtu wa kudumu. Usonji hauondoki kwa kubembelezwa, na mama wa mtoto mwenye usonji asilaumiwe kwa kitu ambacho hakukifanya.

Hatua ya tatu: hesabu mikono

Tafuta historia kabla hujatafuta dawa. Mimi nilikaa na mjomba wake mtoto, kadi ya kliniki mezani, na bakuli la maharage. Kila mtu aliyewahi kulala naye usiku na kumlisha asubuhi tulimwekea punje moja, tukazipanga kwa miezi. Mama, miezi mitano. Bibi mzaa mama, mpaka alipougua. Jirani. Mke wa mjomba. Binti wa kazi wa mke wa mjomba, ambaye ndiye hasa aliyekuwa naye. Kituo. Halafu mimi. Punje saba, na miaka mitatu haijatimia. Mjomba alizitazama zile punje muda mrefu, akasema, "Kumbe tulikuwa tunampokezana kama kijiti."

Uliza pia yasiyoandikwa kwenye kadi. Alikuwa akiachwa na nani mama akienda sokoni? Akilia usiku nani alikuwa anaamka? Kuna mtu alimpenda sana halafu akaondoka bila kuaga? Huyo wa mwisho ni muhimu. Kama yupo hai na ni mwema, mtafute. Yule binti wa kazi tulimpigia simu, na mtoto alipoisikia sauti yake alikaa chini ghafla, simu kaikumbatia kifuani.

Hatua ya nne: weka daftari wiki mbili

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila siku andika mambo matatu: aliumia au kuogopa lini na alifanya nini; ulipotoka na uliporudi alifanya nini; alipokuja mgeni alifanya nini. Andika ulichokiona, hukumu iache. "Kaungua kidole na uji, kakiingiza mdomoni, kaenda chini ya meza" ina faida kwa mtaalamu. "Mkaidi, hana shukrani" haimsaidii yeyote.

Kurasa zangu za mwanzo zimejaa "mkaidi".

Hatua ya tano: nenda na daftari hilo

Anzia kituo cha afya kwa masikio, uzito, damu na ukuaji, kisha omba rufaa ya idara ya afya ya akili. Tanzania kuna hospitali za Muhimbili na Mirembe. Kenya kuna Mathari na hospitali za rufaa za kaunti. Tabibu atataka kumwona mtoto pamoja na mlezi anayeishi naye, kwa hiyo usimtume shangazi anayeishi mji mwingine.

Kama mtoto si wako wa kuzaa, muone afisa ustawi wa jamii, au afisa wa watoto ukiwa Kenya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 Tanzania Bara na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 Kenya zinaweka utaratibu wa malezi ya kambo. Usiuone kama urasimu tu. Karatasi zikikaa sawa, hakuna ndugu atakayeibuka siku moja na kumbeba mtoto, punje ya nane. Ukihisi mtoto alipigwa, alinajisiwa au alitelekezwa, namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya.

Hatua ya sita: chagueni mtu mmoja

Hapa ndipo penye tiba yenyewe. Hakuna kidonge cha tatizo hili. Kuna mtu anayekuja, na kesho anakuja tena.

Ushahidi wenye nguvu ulitoka Romania. Utawala wa dikteta wa nchi hiyo, Ceaușescu, ulipoanguka Desemba 1989, dunia iliona vituo vilivyojaa watoto waliokuwa wakilishwa na kubadilishwa nguo kwa zamu, bila mtu wa kumwita wao. Miaka ya 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest waliokuwa na umri wa miezi 6 hadi 31. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kwenye familia za kambo zilizoandaliwa. Kwa waliojifunga, dalili zilipungua sana walipopata mlezi wao. Kujiachia kwa wageni kulikuwa kugumu zaidi kuisha. Na waliotoka kituoni mapema, hasa kabla ya miaka miwili, walifungamana vizuri kuliko waliochelewa.

Nyumbani hilo lina maana kwamba, kwa miezi ya mwanzo, mtu mmoja ndiye anayelisha, anayeogesha, anayelaza, na anayeitika usiku. Wengine wanacheza naye, wanamsalimia, lakini akilia wanamleta kwa huyo mmoja. Kwenye familia zetu hili ni zito, maana kila shangazi anataka kumbeba. Kaa nao mapema uwaeleze. Mume wangu alikubali kubaki mtu wa mpira na hadithi kwa miezi minne; bafu na chakula vikawa vyangu. Haikumfurahisha. Alikuwa akisimama mlangoni mtoto akiogeshwa, taulo mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Kwa walio vituoni: gawanyeni watoto kwa makundi madogo, kila kundi na matrona wake, na zamu zipangwe ili mtoto aogeshwe na mtu yule yule siku nyingi za wiki. Na wale wageni wa kujitolea wanaokuja wiki mbili, wakapakata watoto, wakapiga picha na kuondoka wakilia uwanja wa ndege, wapeni kazi ya kupaka rangi ukuta. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara tano hahitaji wa sita.

Hatua ya saba: siku ya kawaida

Ratiba iwe moja mpaka ichoshe. Uji wakati ule ule, bafu kabla ya magharibi, mafuta ya nazi mwilini, hadithi ileile ya sungura, taa. Mtoto ambaye maisha yake yote yalikuwa vurugu hupumzika pale anapojua kinachofuata.

Mfariji hata kama hajaomba. Akianguka na asilie, wewe nenda. Chuchumaa awe juu yako kidogo, sema kwa sauti ya kawaida, "Umeumia goti. Inauma. Nipo." Usimkumbatie kwa nguvu. Akikakamaa, kaa umbali wa mkono mmoja na ubaki hapo. Mimi nilianza kwa kumfunga plasta, hata pasipo kidonda, kwa sababu plasta aliiruhusu. Wiki ya saba alinyoosha mguu mwenyewe kabla sijauomba.

Mjibu kwa vitu vidogo. Kakuonyesha jiwe, litazame, lisifie, mrudishie. Kagonga sufuria, nawe gonga. Haya yanaonekana mchezo wa bure, lakini ndiyo hasa yaliyokosekana: kufanya kitu na mtu akaitikia. Dakika kumi za simu ikiwa chumbani zinashinda kutwa nzima ya "eeh, nimeona" huku macho yako kwenye kioo.

Usiionee aibu mbeleko kwa sababu mtoto ni mkubwa. Wa miaka mitatu anayekubali kubebwa mgongoni, mbebe. Mgongoni hatazamwi usoni, na kwa anayejifunga macho ya mtu ni mazito kuliko mwili wake.

Chakula. Wengi huficha. Nilikuta vipande vya chapati chini ya godoro, sisimizi wameshajenga mji. Nusura nimchape. Nilichoambiwa nifanye, na nikafanya, ni kumwekea kikapu chake chenye ndizi na biskuti mahali anapofikia, na hakuna anayemsemea akichukua. Kilikuwa kinaisha mara tatu kwa siku. Baadaye mara moja. Sasa ndizi zinaiva humo mpaka tunazila sisi.

Kuaga. Tuna desturi mbaya ya kutoroka: mtoto anapotezewa na katuni, mama anapita mlango wa nyuma. Kwa mtoto huyu, kila kutoroka ni kumthibitishia alichokwisha kukiamini. Aga hata akilia. Usiseme "narudi sasa hivi" huku unakwenda kazini. Saa haijui, lakini adhana anaijua: "Nitarudi baada ya adhana ya alasiri," na adhana ikiisha uwe getini. Ukilala nje, mwachie kanga uliyoivaa bila kuifua. Harufu haidanganyi.

Hasira zake zitakuja, na mara nyingi hukulenga wewe uliye karibu zaidi. Ondoa kinachoweza kuumiza, kaa karibu, ongea kidogo. Adhabu ya kumtenga chumbani peke yake, inayosifiwa siku hizi, kwake ni kurudishwa kule kule alikotoka. Mkalishe pembeni yako mpaka apoe, kisha safisheni wote wawili alichomwaga. Viboko usivianze kabisa.

Hatua ya nane: kama wako ni wa kujiachia

Hapa usalama unatangulia mapenzi. Geti lifungwe, shule iwe na orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua, na mtoto asipelekwe sokoni bila kushikwa mkono. Kisha zunguka kwa majirani, muuza duka, boda wa kijiweni, uwaombe jambo moja lenye ugumu wake: akiwajia wamsalimie kwa heshima, wasimpakate wala kumpa pipi, wamwambie, "Nenda kamuulize mama yako." Wengine wataona unaringa. Vumilia.

Na wakomeshe ule utani wa "njoo uwe mtoto wangu, mama yako huyu mbaya." Mtoto mwingine hucheka na kujificha kwako. Huyu atavaa viatu.

Mfundishe kwa mchezo: watu wa nyumbani wanakumbatiwa, jirani anapewa mkono, mgeni anaamkiwa "shikamoo" kutoka pembeni mwa mlezi. Rudia kila siku. Kama nilivyosema, hili linachelewa, na linaweza kubaki kidogo hata mtoto akiwa amekupenda kweli. Usilipime penzi lake kwa hilo.

Mambo ya kukataa, hata yakiletwa na mtu mwenye koti jeupe

Kuna watu waliowahi kuuza "tiba" ya kumshikilia mtoto kwa nguvu, kumlalia au kumviringisha kwenye blanketi mpaka "ajisalimishe". Aprili 2000, huko Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 alikufa kwa kukosa hewa katika tiba ya namna hiyo, akiwa amefungwa kwenye shuka na watu wazima wakimgandamiza. Mwaka uliofuata jimbo hilo liliipiga marufuku kwa sheria. Anayetaka kumlazimisha mtoto akupende kwa maumivu, mfungulie mlango atoke.

Wanaosema ni pepo, nao wapo kila familia. Dua haina shida. Wengi wetu tunaomba. Kinachokataliwa ni kumfungisha kula, kumchanja chale, kumfukiza moshi na kumfungia. Na sentensi moja ifutwe kabisa nyumbani, hata kwa mzaha, hata siku umechoka: "Nitakurudisha ulikotoka." Niliwahi kuitamka. Usiku ule nilimkuta amelala na viatu mguuni.

Utajuaje kama inafanya kazi

Hesabu kwa miezi, si kwa siku. Mara nyingi inakuwa mbaya kabla ya kuwa nzuri: mtoto aliyekuwa mtulivu anaanza kulia ukienda chooni, anakuwa mchoyo wako, anamsukuma mtoto mwingine anayekusogelea. Wageni watasema umemharibu. Andika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, maana ndizo dalili ulizokuwa unazingoja. Ugonjwa, kuhama nyumba au safari yako ndefu vitamrudisha nyuma kidogo. Rudia ratiba ile ya mwanzo, atakuja. Kama miezi sita ya malezi ya kutulia imepita na huoni hata mstari mmoja mwekundu, rudi kwa tabibu, huenda kuna jambo jingine lililofichika.

Na wewe mlezi utachoka. Kumpa mtu penzi ambalo halirudi kunauma, na kuna siku utamchukia. Tafuta mtu mzima wa kumwambia hivyo bila kupewa mawaidha.

Wetu sasa anakaribia miaka mitano. Juzi alikwaruzwa na ua la michongoma, mkwaruzo ambao hata kwa miwani sikuuona. Alipiga kelele kutoka mwisho wa mtaa mpaka jikoni, akapita watu wanne waliotaka kumwangalia, akaja kunishika sketi, akauinua mkono nipulize. Jirani yule yule alikuwa amekaa kibarazani. "Siku hizi mtoto wako analia sana," akasema. "Zamani alikuwa hasumbui."

Nikampulizia. Akasema bado, nipulize tena.